Can, Bendi ya Roki Isiyo na Kiongozi

Can ilianzishwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1968. Irmin Schmidt, mpiga kinanda, na Holger Czukay, mpiga gita la besi, walikuwa wamefundishwa na mtunzi Karlheinz Stockhausen. Jaki Liebezeit, mpiga dramu, alitoka katika jazi huria, na Michael Karoli, mpiga gita, aliwahi kuwa mwanafunzi wa Czukay. Mwimbaji wa kwanza, Mmarekani Malcolm Mooney, alikuwa mchongaji sanamu.

Mwaka 1970 Damo Suzuki, Mjapani, alikutwa akiimba mtaani Munich, na usiku huohuo akapanda nao jukwaani bila mazoezi yoyote. Ndipo zikaja albamu za Tago Mago (1971), Ege Bamyasi (1972) na Future Days (1973), kilele cha kazi yao. Wanamuziki walipiga kwa saa nyingi bila nota huku tepu ikizunguka, kisha Czukay akaikata na kuunganisha vipande vilivyofaa. Studio yao, iliyokuwa jumba la sinema huko Weilerswist, ilizibwa mwangwi kwa magodoro ya jeshi. Liebezeit alishikilia mdundo mmoja bila kuyumba, nidhamu ambayo wapiga dramu wengi wa roki, wapenda mbwembwe, hawakuwa nayo.

Suzuki aliondoka 1973, bendi ikavunjika 1979, ikarejea kwa muda na albamu ya Rite Time (1989). Nyimbo ziliandikwa kwa jina la wote, haki iliyo adimu katika biashara ya muziki, nayo inastahili pongezi kuliko mauzo ya santuri yoyote.