Samaki Awezaye Kukataa

Muulize mpishi samaki gani bora, atakutajia mwenye mafuta. Muulize mchuuzi, atakutajia anayekwenda haraka. Mvuvi wa ndoana ana mizani yake, nayo humshangaza asiyevua, kwa sababu mara nyingi samaki anayempenda si mkubwa, si mtamu kupita wote, na sokoni hana bei ya kutisha. Huku Mandewa, katika Manispaa ya Singida, ubishi huo una kambi mbili: watu wa kambale na watu wa perege. Mimi ni mtu wa perege. Najua kambi yangu ndiyo ndogo, maana kambale ana watetezi wenye sauti kubwa na picha nzuri za kuonyesha kwenye simu.

Mgeni anayepita Singida kwa basi la Mwanza hukumbuka alizeti, kuku wa kienyeji na upepo. Maziwa humshtua. Mji umekaa juu ya uwanda wa kati, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali penye msimu mmoja tu wa mvua na kiangazi kirefu, na bado una maziwa mawili, Singidani na Kindai, yaliyozungukwa na miamba mikubwa ya itale. Hakuna mto unaotoka humo. Maji yanayoingia na mvua hayana njia ya kutokea isipokuwa kukaushwa na jua, na jua likiyachukua huiacha chumvi nyuma. Kiangazi kikirefuka, maji yanazidi kukolea. Heroe huja kwa sababu hiyo hiyo, kwani mwani mdogo unaostawi kwenye maji ya magadi ndio chakula chao.

Katika maji hayo ndimo anamoishi perege wa kwetu. Wanasayansi wanamwita Oreochromis amphimelas. Aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya kitaalamu mwaka 1905, na hapatikani kokote duniani ila Tanzania, katika maziwa ya nyanda hizi, kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na haya ya Singida. Vitabu vinamhesabu miongoni mwa samaki wa maji baridi, ingawa anastahimili chumvi ambayo ingewamaliza wengi wa wenzake wa maji baridi. Wala si samaki wa kujaza sinia. Wengi wanaopanda na ndoana hawafiki shubiri moja.

Kabla sijamsifu, kambale apewe haki yake. Huyu ni samaki wa malambo, wa mito ya msimu, na wa Ziwa Kitangiri kule Iramba. Juu ya matamvua ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa, ndiyo maana lambo likikauka hukutwa angali hai kwenye tope wakati samaki wengine wamekwisha kufa. Mvua za kwanza zikishuka, hupanda na maji mapya kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Usiku wenye unyevu anaweza hata kujikokota nchi kavu kutoka dimbwi hadi dimbwi. Macho yake ni madogo, lakini sharubu zake nane humweleza gizani kila kilichoko chini. Akishika, hakuna kuuliza: boya linazama na kwenda, mshipi unakata vidole, na mtu mzima anaweza kuvutwa hatua mbili majini kabla hajakumbuka kwamba hajui kuogelea. Husemwa kwamba katika nyumba ya kambale kila mtu ana ndevu, baba, mama na mtoto. Ubishi wa wavuvi nao uko hivyo hivyo, hakuna aliye mdogo wa kunyamaza, na ukimgusa kambale watakujibu wote kwa pamoja.

Nawakubalia nguvu zake, ustahimilivu wake na nyama yake. Neno langu ni moja tu: kambale hachagui. Minyoo anakula, panzi anakula, utumbo wa kuku anakula, na wapo wanaoapa kwamba amewahi kushika kipande cha sabuni. Tupa chochote chenye harufu usiku wa masika, kisha jiandae kuvuta. Kazi yote ya kumvua iko kwenye kuvuta.

Kwa perege, kazi iko kabla ya kuvuta, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapokaa. Mdomo wake ni mdogo na chakula chake kikubwa ni mwani na vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho. Amezungukwa na chakula mchana kutwa, wala hakuhitaji. Ndiyo sababu dukani watu wa kambi hizi mbili huagiza vitu tofauti: kadiri namba ya ndoana inavyopanda ndivyo ndoana inavyopungua ukubwa, basi wa kambale huomba namba ya chini, na wa perege huomba ya juu, na mshipi mwembamba wa kwenda nayo. Chambo ni kipande cha nyungunyungu kinachotosha kufunika ncha, au kidonge cha ugali kilichokandwa kwa vidole hadi kikaze. Kikiwa laini mno kinayeyuka kabla hakijafika chini, na kikiwa kigumu mno samaki anakionja na kukitema. Mkono unaokanda hujifunza kiasi hicho kwa kukataliwa tu.

Boya zuri ni kipande cha bua la mtama lililomenywa, jepesi kiasi cha kuonyesha pumzi ya samaki. Lakini upepo wa Singida, huo huo uliowafanya watu wapange kuzalisha umeme hapa, hulichezesha boya tangu jua linapopanda. Mvuvi wa perege kwa hiyo huwahi alfajiri, au husubiri jioni upepo utulie, na hukaa chini huku jua likimpiga usoni, kwa sababu akisimama na jua mgongoni kivuli chake kitamtangulia majini. Kisha husoma. Mtikisiko wa wimbi una mpigo wake, unaokuja na kurudi sawasawa. Mtikisiko wa perege hauna mpigo. Hudonoa, huacha, huzunguka, hurudi. Wakati mwingine boya halizami kabisa bali hulala ubavu, kwa sababu samaki ameinua chambo kutoka chini na kuondoa uzito uliokuwa ukilisimamisha. Aliyezoea kambale akiona boya limeguswa hunyanyua ufito palepale, na anapata ndoana tupu. Mwenzake wa perege hungoja boya litoke kando kwa nia, kama mtu aliyekwisha kuamua, ndipo anapokaza mkono kidogo tu. Anayechelewa naye hupata ndoana tupu, na nyungunyungu amekwenda.

Ninachokisifu katika ufundi huu kinaweza kusemwa kwa maneno machache. Wavu huchukua, ndoana huuliza. Kila chambo kinachoshuka kinampa samaki nafasi ya kusema hapana, na mvuvi hulazimika kusikia jibu hilo na kubadilisha kitu: kina, donge, saa, mahali alipoketi. Samaki anayesema ndiyo kila mara hamfundishi mtu kuuliza vizuri. Ndiyo maana namweka perege juu. Kila anayepanda na mshipi wangu alikuwa na uwezo wa kukataa, na wenzake kadhaa kabla yake walikwisha kuutumia.

Tukitazama mbali na Singida, tutaona kwamba kambi yangu si ndogo hivyo. Mwaka ule ule wa 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, aliingiza trauti kutoka Scotland katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Mito ile haikuwa na samaki waliyemzoea walowezi, nao walikuwa tayari kumsafirisha kutoka bara jingine. Gharama yote hiyo ya nini, kwa samaki ambaye mara nyingi hatoshi watu wawili? Trauti hutazama kila mdudu anayeelea, humlinganisha na wadudu waliotua majini siku hiyo, na akiona kasoro huacha apite. Kwa ajili yake watu hukaa usiku wakifunga manyoya na nyuzi juu ya ndoana ili zifanane na mdudu mmoja mahususi. Mwingereza Izaak Walton alitoa kitabu kizima juu ya uvuvi wa ndoana mwaka 1653, na hadi leo wavuvi wa lugha yake wangali wakibishana juu ya samaki yupi ni mgumu kumridhisha.

Wapo pia wanaopenda nguvu. Kwa hao Afrika ina sangara: mwaka 2000 katika Ziwa Nasser huko Misri mmoja alivuliwa akiwa na zaidi ya kilo 104 na kuingia kwenye rekodi za dunia. Ina pia mbenga wa Mto Kongo, mwenye mdomo wa mifupa na meno matupu ambao ndoana haipati pa kushika. Nawaelewa wanaokwenda kuwatafuta. Nguvu ya samaki hukupa hadithi ya dakika chache, hadithi nzuri sana. Kukataa kwake hukupa asubuhi nzima.

Lakini kukataa kwa perege kuna maana kubwa kuliko starehe ya mvuvi. Samaki wa jamii hii hulea watoto mdomoni. Dume huchimba kishimo kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai mdomoni mwake na kukaa nayo hadi yaanguliwe na vifaranga waweze kuogelea wenyewe. Hata baada ya hapo, wakitishwa hukimbilia mdomoni tena. Muda wote huo jike hali chakula, au hula kidogo mno. Mdomo una kazi nyingine. Chambo kikishuka mbele yake, hakimhusu. Hivyo ndoana, bila sheria yoyote kuandikwa na bila mvuvi kuwa mtu mwema, humwacha mama anayelea. Wavu hauna namna ya kujua. Kokoro linapokokotwa kwenye maji mafupi humchukua jike na kinywa chake kilichojaa, na kukivuruga kishimo cha dume kwa safari hiyo hiyo.

Historia ya ngege katika Ziwa Victoria inaonyesha matokeo ya tofauti hiyo. Ngege ni ndugu wa perege, na kwa kizazi kimoja au viwili vya mwanzo wa karne iliyopita ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa ziwa lile. Chakula chake ni mwani mdogo unaoelea, kwa hiyo ndoana haikumsumbua sana. Nyavu za kutega za kigeni ziliingia mwaka 1905, na kufikia 1927 hali ilikwisha kuwatia watu wasiwasi kiasi cha kumwita mtaalamu, Michael Graham, afanye utafiti. Katika ripoti yake ya 1929 alishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5, ili wadogo wapite. Baadaye masharti yalilegezwa, macho ya nyavu yakapungua, na sangara na sato nao wakapandikizwa katika ziwa. Leo ngege amebaki zaidi katika maziwa madogo na mabwawa ya pembeni. Samaki aliyeweza kuikataa ndoana hakupewa nafasi ya kuukataa wavu.

Najua mtu wa Mandewa atanijibu nini, na jibu lake ni zito. Atasema: wewe una kazi nyingine, unaweza kukaa asubuhi nzima ukizungumza na boya, mimi nina watoto wanaosubiri mboga. Ni kweli. Ndoana hailishi mji. Wavu wenye macho halali ni chombo cha kazi cha mtu mwenye heshima zake, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haikumkataza. Ilichokataza ni sumu, baruti na zana zinazofagia kila kitu. Sina ugomvi naye. Nasema tu kwamba wavu wenye macho makubwa unafanya kwa kipimo kile ambacho ndoana inafanya kwa asili yake: unaacha wengine wapite. Inchi zile za Graham zilikuwa njia ya kuufundisha wavu kupokea hapana ya samaki mdogo. Mvuvi wa nyavu aliyewahi kushika ufito huelewa jambo hilo bila kusomewa kanuni.

Kwa sababu hiyo mtoto anayetaka kujifunza kuvua ningemwanzisha kwa perege, hata kama atalia kwamba hapati kitu. Kambale atampa furaha siku ya kwanza, na kumwachia imani kwamba maji hutoa kila yanapodaiwa. Imani hiyo haiwezi kuishi muda mrefu kando ya Singidani. Ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji, lililojaa chumvi, lenye samaki ambaye nje ya nchi hii hayupo, halitapata wageni wa kuziba pengo la waliokwisha. Watakaotaga mvua zijazo ni wale waliokikataa chambo chetu mwaka huu, na mvuvi anayejua hesabu hiyo anaporudi nyumbani na wanne tu ana sababu ya kuwashukuru waliobaki.