Tumbo Lisilo na Mimba

Mei 1906, jijini Paris, Paula Modersohn-Becker alijichora akiwa kifua wazi, kitambaa cheupe kiunoni, shanga za kaharabu shingoni. Wengi wakiiona picha hiyo hudhani ni mjamzito. Hakuwa na mimba. Miezi michache kabla alikuwa amemwacha mumewe, Otto Modersohn, kijijini Worpswede, Ujerumani, akaja Paris kuchora. Kwa hiyo tumbo lile amelitunga mwenyewe, na namna alivyolitunga inastahili kutazamwa kwa makini.

Kiwiliwili amekigeuza upande kidogo. Angesimama akituelekea kabisa, tumbo lingeonekana bapa. Kwa kugeuka amelipatia mviringo. Kisha mkono mmoja ameuweka juu yake na mwingine chini, kama mtu aliyebeba kibuyu kilichojaa. Mikono hiyo ndiyo inayoliumba tumbo kuliko hata kivuli. Uso, lakini, umetugeukia, macho makubwa yakitutazama bila haya. Macho ya namna hiyo yanakumbusha nyuso zilizochorwa kwa ajili ya maiti wa Fayum, Misri, ambazo alizipenda sana.

Alitumia tempera ya mafuta juu ya kadibodi, rangi isiyong'aa. Ngozi haikulainishwa ili imtamanishe mtazamaji, wala hakuna kitanda au pazia nyuma yake, ni manjano na kijani vyenye madoadoa tu. Picha ina urefu wa mita moja na ushee, hivyo mwili unakaribia ukubwa wa mtu halisi. Kwa karne nyingi wanaume wa Ulaya walimchora mwanamke uchi akiwa amelala, akisubiri kutazamwa. Huyu amesimama, na mtazamaji wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Paula alifariki Novemba 1907, chini ya wiki tatu baada ya kujifungua binti. Msiba huo umewafanya wengi waisome picha kama utabiri, au kama kiu ya mtoto. Mtoto alimtaka kweli, ila nadhani usomaji huo unampunja. Chini ya picha aliandika kwamba aliichora akiwa na miaka 30, katika siku ya sita ya kumbukumbu ya ndoa yake, akatia sahihi P.B. Jina la Modersohn aliliacha nje, siku ileile ya kumbukumbu ya ndoa. Aliyejaa pale, kwa macho yangu, ni mchoraji aliyejua kazi kubwa imo ndani yake, na mikono inayoikinga kazi hiyo ndiyo iliyoshika brashi.