Wito wa Matengenezo na Taa ya Tahadhari

Katika kufasiri ilani za watengenezaji wa malori ya dizeli yenye kasoro, upo mwelekeo wa kuandika kwamba gari "linarudishwa kiwandani". Hatuikubali tafsiri hiyo. Mwenye lori wa Karatu akiisoma atadhani ananyang'anywa mali yake, naye atalificha. Sheria ya Marekani ya 1966 iliwalazimisha watengenezaji kuwaarifu wenye magari. Marekebisho ya 1974 yakaongeza kwamba kasoro iondolewe bila malipo. Dhana basi ina mambo mawili, taarifa na matengenezo ya bure, na hakuna hata moja lililomo katika "kurudisha". Twapendekeza "wito wa matengenezo".

Lililo zito zaidi ni "taa ya onyo". Mtumishi wa serikali anaijua barua ya onyo: humfikia baada ya kosa. (Ilani isemayo "gari hili halina onyo" yaweza kusomwa kama cheti cha tabia njema!) Taa hii kazi yake ni kutangulia. Lori lenye shehena likipanda kutoka Karatu, likapita lango la Loduare hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya meta 2,200 juu ya bahari, injini hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, na upepo wa kupoza rejeta huwa haba. Taa isipokuwapo, dereva hupata habari kwa mvuke. Hiyo ni "taa ya tahadhari". Madereva husema "taa ya injini", nao hawakosei, ila jina hilo halitenganishi joto na upungufu wa oili. Walimu wa ufundi watusaidie hapo.