Nasaba ya mlowezi husomwa kwenye shamba lake

Atafutaye nasaba ya mlowezi Mskoti wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, aliyehamia bonde la Shenandoah huko Virginia katika karne ya 18, kwa kawaida huanza na jina, na hapo ndipo anapopotea. Akina John, James na William walijaa kila kaunti, wengine hata ukoo wakiitwa sawa. Kinachowatenganisha ni ardhi. Mwaka 1736 William Beverley na wenzake walipewa ekari 118,491 bondeni humo, zikauzwa vipande vipande. Hati za mauzo zilieleza mipaka kwa alama za pale pale: mwaloni mweupe, kingo za kijito, mpaka wa jirani fulani. Watu wawili waliweza kuitwa sawa, lakini si kuuza shamba lile lile lenye majirani wale wale. Ukifuata shamba hilo toka mkono hadi mkono, utamkuta baba akimgawia mwanawe, na mke akitajwa pale anapoachia haki yake katika ardhi ambayo mumewe anauza.

Ushahidi mwingine ni viapo vya mwaka 1740 katika mahakama ya Kaunti ya Orange. Mlowezi aliapa kuwa alikuja kutoka Ireland kupitia Philadelphia kwa gharama zake mwenyewe, akiwataja mkewe na watoto, maana kila kichwa kilimpa haki ya ekari 50. Je, tamaa ya ekari haikuwashawishi watu kuongeza vichwa? Huenda, na ndiyo maana kiapo hupimwa kwa wosia: mtoto anayetokea kote kuwili ana uzito zaidi. Tena tarehe ya kiapo si tarehe ya kufika; mtu aliweza kuapa miaka kadhaa baada ya kuhamia.

Wapo watakaosema vipimo vya vinasaba vimemaliza kazi hiyo. Kromosomu Y, inayopita toka baba hadi mwana, huonyesha kwamba wanaume wawili wana babu mmoja. Haisemi babu huyo ni nani, wala aliishi kijito gani. Hilo husemwa na hati. Ng'ambo ya bahari nako kumbukumbu nyingi ziliteketea Dublin mwaka 1922, kwa hiyo mara nyingi karatasi za Virginia ndizo pekee zinazobaki. Zikimfikisha mtafiti Ulster bila kutaja parokia, aandike Ulster, aishie hapo.