Mshono wa Sindano Mbili

Mafundi viatu wa masoko ya Kasongo na Kabambare, huko Maniema, wanastahili pongezi, hasa wale wanaomwachia kijana mabaki ya ngozi ajifunzie.

Kijana huyo asianze na kiatu. Kishikio cha funguo kwanza, kisha ala ya kisu, kisha mkanda. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba na laini. Ya ng'ombe inataka mkono uliokwisha kuzoea.

Uzuri wote uko kwenye mshono: uzi mmoja uliopakwa nta, sindano mbili, kila tundu likipitwa kutoka pande zote mbili. Sehemu moja ikikatika, nyingine inashikilia. Mshono wa cherehani hufumuka upesi zaidi.

Makubadhi, viatu vya ngozi vya wazi vya pwani, yafuate baadaye.