Ushuhuda wa Teja na Kikombe cha Kila Siku

Kuna simulizi ambayo sisi wasikilizaji wa redio tumeizoea mpaka hatuioni tena kuwa ni fani yenye kanuni zake: ushuhuda wa aliyekuwa teja. Kijana alianza na bangi, akaonjeshwa kete, akauza hadi sufuria za mama, akalala darajani. Kisha akafungiwa chumbani wiki nzima, akatapika, akatetemeka, akaomba. Alipotoka alikuwa mtu mpya. Mtangazaji anashusha pumzi, wimbo unapigwa.

Kama hadithi, inashika. Kama maelezo ya tiba, ni hatari kweli kweli. Arosto ya heroini hufika kileleni ndani ya siku chache, na baada ya wiki hivi makali mengi yameshuka. Lakini mwili uliosafishwa umepoteza uwezo wa kuuhimili unga kama zamani. Anayerudia kipimo chake kilekile anaweza kuacha kupumua. Yaani ushuhuda unakata pale pale hatari inapoanzia.

Tiba yenyewe haina mshindo. Tangu Februari 2011, Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, utaratibu ni huu: unapewa dawa ya maji, unaimeza mbele ya mhudumu, unaondoka, kesho unarudi. Dozi moja inatuliza arosto kwa siku nzima bila kumfanya mtu abembee, na akili inapata nafasi ya kufikiria kodi, ARV, mtoto. Ni miezi, kwa wengi miaka. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha unga kwa unga, na wengine ni wasomi kabisa. Wanasahau kwamba aliyemeza dawa saa tatu asubuhi hana sababu ya kuiba saa nne.

Ray C alipojitokeza baada ya tiba mwaka 2012, picha iliyozunguka ni ya Ikulu, akimshukuru Rais Kikwete. Picha nzuri. Ila ya foleni ya dawa ingetufundisha zaidi.

Halafu kuna neno lenyewe. Mteja ni mtu. Toa m-, unabaki na teja, limetupwa kwenye ngeli ya jitu na jibwa: teja limeiba, mateja yamekamatwa. Cha ajabu, ukifika kliniki unaitwa mteja. Kiambishi kimerudi, na kwangu hiyo ni nusu ya tiba ambayo waandishi wetu hawajaigusa. Si kwamba hatuwezi. Zakaria wa *Rosa Mistika* (1971) ni mlevi, lakini Kezilahabi alimpa mke, mabinti na jina. Mvuta unga kwenye filamu zetu anapewa koti chafu tu.

Nafikiria ushuhuda huu ukisikika Ngara na Biharamulo. Huko watu wanaujua ulevi wa gongo kwa karibu, unga wanaufahamu zaidi kama habari za Dar. Lakini malori ya Rusumo na Kabanga yanapita Benako na Nyakanazi, na vijana wa huko nao wanakwenda mjini na kurudi. Akirudi mmoja na arosto, familia itafanya ilichosikia redioni: itafunga mlango, itaomba, itangoja wiki. Methadoni ipo Mwanza, hospitali ya Sekou Toure. Toka Ngara, pita Biharamulo, Chato, Geita, vuka Busisi. Na dawa ya kunywa kila siku, hasa miezi ya mwanzo, haifuatwi kwa nauli ya safari moja. Ni lazima uhame.

Hapo ndipo ilipo hadithi ninayoisubiri. Mtu wa Rulenge amepanga chumba Mwanza, kila asubuhi anakwenda kumeza kikombe chake, na mama akipiga simu anamwambia yuko kwenye biashara ya samaki. Mama anauliza mbona hatumi hela.