Jicho la Mwosha

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa 1960, maiti inakutwa mzimuni. Wenyeji wana jawabu tayari: mizimu imekasirika. Mpelelezi Bwana Msa, mwenye kiko chake na swahibu wake Najum, halipokei jawabu hilo. Anataka kujua nani alikuwa wapi, nani atamrithi marehemu, nani anasema uongo na kwa nini. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, hakumpa shujaa wake bastola. Alimpa ukaidi wa kutoridhika na jawabu jepesi, na ukaidi huo ukatosha kuendesha riwaya baada ya riwaya.

Naupenda ufundi huu wa riwaya ya upelelezi na ningependa uote mizizi Malindi. Kumbuni mpelelezi asiye askari huanza na swali moja: anaingiaje ndani? Askari huingia kwa sheria. Raia lazima awe na sababu ya kubisha hodi. Agatha Christie alimweka Miss Marple, bibi mzee mwenye ufumaji wake, katika kijiji cha St. Mary Mead, kwa kuwa hakuna anayeshusha sauti mbele ya ajuza. Abdulla naye, kabla ya kuhariri magazeti, alikuwa mkaguzi wa afya Zanzibar, kazi inayomwingiza mtu katika nyua za watu na kumfunza kutazama.

Malindi wako wengi wanaofaa. Mama wa mahamri anajua nani hakulala kwake. Dereva wa tuktuk anajua nani alishukia wapi. Mimi ningemchagua mwosha maiti, mama wa makamo wa mtaa wa Shela, ambaye wanawake wote humwita Somo kwa sababu ndiye pia aliyewafunda walipoolewa.

Muislamu akifa alfajiri, huenda akazikwa adhuhuri. Katika saa hizo chache, ni watu wachache mno wanaouona mwili, na Somo ni mmoja wao. Ndiye anayeugeuza ubavu, anayefumua nywele, anayeona alama shingoni ambayo jamaa hawakuitaja. Lakini mwosha ana amana: aibu ya maiti huisitiri. Alama ile ni aibu ya marehemu au ni ushahidi wake? Hapo ndipo mfululizo mzima unapata injini. Mpelelezi asiye na fundo la namna hiyo moyoni atadumu kitabu kimoja tu. Mwenye nalo tutamfuata hadi cha tano.

Apewe na mipaka. Maiti za wanaume huoshwa na wanaume, kwa hiyo vifo vingine Somo atavijua kwa kuuliza tu, kwenye matanga, huku akipakua pilau. Na asisahau kwamba muuaji atakayemfichua ni mtoto wa mtu anayemjua. Kesho atakutana na mama yake sokoni. Riwaya ya upelelezi ya mtaani hupata upole wake hapa. Upole huo hautokani na kukosa damu. Unatokana na mji unaolazimika kuendelea kuishi pamoja baada ya ukweli kutoka.

Kisha kuna uadilifu kwa msomaji: kila dalili aliyoiona Somo, msomaji naye awe ameiona. Mfano, mvuvi anaapa kwamba asubuhi ile, hapo mbele ya mji, aliona mkufu ukimeta chini ya maji. Kurasa kadhaa nyuma, katikati ya mazungumzo ya bei ya samaki, mwandishi ametaja kwamba mto Sabaki umefurika. Kila mtu wa Malindi anajua kwamba Sabaki ukifurika bahari hugeuka rangi ya udongo. Mvuvi amejifunga kwa kinywa chake. Dalili kama hiyo haiwezi kuazimwa Uingereza. Inatoka katika maji ya hapa.

Mji mmoja hauwezi kuzika waliouawa kila mwezi, basi Somo aitwe Mambrui, Gede, Watamu, Ngomeni. Kaskazi ilete wageni na fedha zao. Kusi ipandishe mashua pwani na kuamsha madeni.

Siuoni ufundi huu kuwa mchezo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna ugomvi wa shamba. Kaya Godoma, Ganze, imekuwa hifadhi ya wazee waliookolewa. Mtoto anapougua na kidole kikaelekezwa kwa babu mwenye mvi, jawabu jepesi la mzimuni limerudi, na safari hii lina panga mkononi. Bwana Msa alipouliza nani atarithi, aliuliza swali ambalo lingeokoa maisha hapa kwetu.

Kwa hiyo namtaka Somo, na nawaomba waandishi wa pwani wamuumbe. Msomaji akimfuata vitabu vitatu, vinne, atazoea kudai ushahidi kabla ya kulaumu, na kutafuta anayefaidika kabla ya kumwita mtu mchawi. Mazoea hayo ni elimu, na hadithi tamu ndiyo njia mojawapo bora ninayoijua ya kuifikisha kila nyumba.